Kesi ya Kadi Mbili

Ndugu wawili wakigombana, kwa kawaida wakubwa huitwa kuwaamua. Hawa walikuwa wakubwa wenyewe, mmoja ana mvi kidevuni, mwingine ana kitambi cha kutosha kuwekea kikombe cha chai, na hakuna aliyejitia kimbelembele kuwaamua kwa sababu ugomvi wao haukueleweka na mtu mwingine yeyote pale mtaani. Walikuwa wakibishania kadi za picha za kompyuta. Walibishana kwa miaka, kwa raha zao, mpaka majirani wakazoea kelele zile na kuacha kuchungulia.

Mkubwa aliitwa Rula. Alikuwa mchora ramani za majengo na barabara, na jina hilo alipewa ofisini kwa kuwa hakuweza kuona mstari uliopinda akanyamaza, uwe wa karatasi au wa maneno. Mdogo aliitwa Nati. Alikuwa na duka la kuunda na kutengeneza kompyuta, chumba kimoja kirefu chenye rafu za mabokisi mbele na meza ya kazi nyuma, na mifuko yake ilikuwa imejaa skrubu. Hata akivaa suti kwenda arusini, ukimkumbatia zilikuwa zinalia.

Kwa asiyejua, kadi ya picha ndiyo inayochora kila unachokiona kwenye kioo unapocheza gemu. Ikiwa dhaifu, mchezo unakwamakwama na watu wanakuwa na sura za udongo. Ikiwa na nguvu, unaona mpaka jasho kwenye paji la uso la adui yako. Zile za juu kabisa ambazo Nati aliziuza zilitoka kwa kampuni mbili zisizoiva chungu kimoja, moja yenye rangi nyekundu na nyingine ya kijani, na wachezaji wamegawanyika makundi mawili yanayotukanana kwa bidii kubwa kuliko kazi yoyote waliyoajiriwa kufanya. Rula alikuwa mwekundu tangu ujana wake. Nati alikuwa wa kijani, na mimi nadhani alianza kuwa wa kijani kwa sababu tu kaka yake alikuwa mwekundu.

Imani ya Rula ilikuwa moja na hakuchoka kuihubiri. "Kadi hainunuliwi kwa ajili ya leo," alikuwa akisema. "Leo kila kadi ni nzuri. Tazama kumbukumbu yake, nafasi iliyonayo ya kubeba vitu. Gemu za kesho zitakuwa nzito kuliko za leo. Nunua kadi itakayozeeka na wewe." Nati alikuwa akimjibu kwamba yeye si mganga wa kutabiri kesho, na kwamba mtu mwenye akili hununua kadi inayomfurahisha jioni hii hii.

Baba yao, Mungu amrehemu, ndiye aliyeanzisha kesi. Walipokuwa vijana bado wanakaa nyumba moja, alichoka na kelele zao akawaketisha kwenye vigoda viwili, akatoa hukumu: kila mmoja aitetee kadi ya mwenzake. Mwekundu aisemee ya kijani, wa kijani aisemee nyekundu, na atakayefanya mzaha au kuharibu makusudi ahesabike ameshindwa. Alidhani wataona upuuzi wao na kuacha. Wapi. Waliipenda kesi ile kuliko gemu zenyewe, wakaifanya sheria. Tangu siku hiyo hakuna aliyenunua kadi bila kesi. Aliyeshindwa alichemsha chai. Mnunuzi ndiye aliyebaki na uamuzi wa mwisho, na kadi hakuifunga mwenyewe. Ilifungwa na ndugu yake.

Jumamosi moja mchana Rula akaingia dukani amebeba kompyuta yake kifuani. Akaiweka juu ya meza, akasimama kidogo ameshika ukingo wa meza, kisha akakaa.

"Nataka kadi mpya," akasema. "Niwekee kesi."

Nati akafurahi mpaka masikio yakasogea. Akavuta vigoda, akaziteremsha kutoka rafuni kadi mbili za juu kabisa alizokuwa nazo, bei zake karibu sawa, akazitoa ndani ya mabokisi na kuzilaza mezani ubavu kwa ubavu. Ndipo alipouona mkanda wa kaka yake. Ulikuwa umetobolewa tundu jipya kwa msumari, na ncha yake iliyobaki ilikuwa imening'inia mpaka pajani.

"Shemeji anakunyima chakula siku hizi?"

"Napunguza mwili," Rula akasema.

"Upunguze nini? Wewe una mwili wa kupunguza? Mwachie kazi hiyo mwenye kitambi." Nati akajipiga tumboni, akacheka. Kicheko hicho kilikuja kumkaa kooni baadaye, lakini siku ile kilitoka bila shida.

Kesi yenyewe ilikuwa nyepesi kuieleza. Kadi ya kijani ilikuwa na kasi, na ilijua mwanga. Taa ikiwaka kwenye gemu, iliufuata mwanga wake mpaka ulipogonga dimbwi, ukarudi ukutani, ukaingia dirishani. Hakuna kadi iliyochora vizuri kuliko hiyo. Ila kumbukumbu yake ilikuwa ndogo, na kila fundi alijua kwamba baada ya miaka michache gemu mpya zitaijaza mpaka ianze kuhema. Kadi nyekundu haikuwa na ujuzi huo wa mwanga. Madimbwi yake yalikuwa madimbwi tu. Lakini kumbukumbu yake ilikuwa kubwa kweli kweli, na ingedumu muda mrefu baada ya ile ya kijani kuchoka.

Kwa hiyo Rula, mwekundu, alipaswa kuitetea ya kijani, na akaanza.

"Ina mwanga," akasema. Nati akangoja. "Mtu akiwa na jioni chache za kucheza, atataka ziwe nzuri. Hana haja ya zaidi. Nimemaliza."

"Umemaliza nini? Hapo hata hujaanza! Baba angekutoa nje."

"Nimemaliza. Sema wewe."

Nati akasimama. Alikuwa ameyasikia mahubiri ya kaka yake tangu ndevu hazijamwota, alikuwa na kila neno, na siku hiyo aliamua kumpiga kwa fimbo yake mwenyewe. Akainyanyua kadi nyekundu kwa mikono miwili.

"Kaka, tuseme ukweli. Wewe unakaribia kustaafu. Ukistaafu utakuwa na asubuhi nzima zako peke yako, hakuna bosi, hakuna ramani ya kurudia kwa sababu tajiri amebadilisha mawazo kuhusu choo. Utakaa na chai yako na gemu ambazo leo hii hazijatungwa. Watu watakaozitunga bado wako shuleni. Binti yako atamaliza masomo, ataolewa, atakuletea wajukuu, watakukalia mapajani wavute waya, na wewe utawaambia tulieni, babu yenu anapita hatua ngumu. Kadi gani itakuwepo hapo? Hii ya kijani? Itakuwa imeshatupwa. Ni hii. Hii itakuwa bado inadunda. Utazeeka nayo, kaka, macho yatachoka kabla yake, na siku hiyo nitakuja nikutolee vumbi kwenye feni, mimi nikiwa na mkongojo, na utaniambia, mdogo wangu, asante kwa kunishauri vizuri."

Alisema zaidi ya hapo. Aliupamba uzee wa kaka yake chumba kwa chumba, akauwekea mpaka mapazia. Alipomaliza alikuwa anatokwa jasho, na akageuka kungoja kelele za kupingwa, kwa kuwa hata katika kesi Rula hakukubali kirahisi.

Rula alikuwa akitazama mikono yake.

"Umenishinda," akasema. "Umenishinda kabisa. Acha nichemshe chai."

Akachemsha, akamimina, akakaa tena. Kikombe chake hakukigusa. "Nifungie ya kijani," akasema.

Nati akadhani masikio yake yanamchezea. Kisha akapiga yowe lililomtoa kinyozi wa duka la pili mpaka mlangoni. "Njoo usikie! Kaka yangu amehama! Miaka yote hii ananihubiria kesho, leo amekuja mwenyewe kwa miguu yake!" Akamshika Rula mabega, akamtikisa, akamwambia karibu nyumbani, akamwambia kosa la mtu mzima husamehewa. Rula akacheka naye. Alicheka kwa kweli, akafuta macho, akaaga, akaondoka akitembea polepole upande wa kivuli.

Jumatatu jioni, Nati akiwa hajaigusa kazi ile, shemeji yake, mke wa Rula, akapita dukani akitoka kufundisha watoto wadogo, rangi za chaki bado zimo vidoleni. Alisimama mlangoni na mkoba wake.

"Shemeji, ile kompyuta ya kaka yako iko tayari?"

"Kesho au keshokutwa. Vipi, mnaogopa atabadili mawazo arudi kwa wekundu?" Nati akacheka. "Mwambie nimeshamwandika, hatoki."

"Kama inawezekana isichelewe," akasema. "Siku hizi kuna mchana ana nguvu, kuna mwingine hana."

Nati akaiweka bisibisi chini. "Nguvu za nini?"

Shemeji akamtazama, na Nati akaona uso wake ukibadilika, kwanza ukishangaa, kisha ukiogopa. Akaingia ndani, akakaa kwenye kigoda kilekile alichokalia Rula.

"Hakukwambia," akasema. "Alikuja Jumamosi kukwambia. Aliniambia usimpigie simu, nataka nimwambie mwenyewe ana kwa ana. Aliporudi nikamuuliza, umemwambia? Akasema, tumezungumza sana."

Basi akamwambia yeye. Ilikuwa saratani ya kongosho, na ilikuwa imeshasambaa ilipogunduliwa. Walikwenda hospitali moja, wakaenda nyingine, picha zikasema jambo lilelile. Dawa zilikuwepo, za kupunguza maumivu na kumsogeza mbele kidogo, za kumponya hazikuwepo. Daktari alikuwa muungwana, alivuta kiti akakaa karibu nao, na hakuzungumza habari za miaka.

Nati alimsindikiza shemeji yake mpaka kituo cha basi. Alisema yale ambayo mtu husema, pole, tutashirikiana, Mungu yupo, na hakusikia hata moja kati ya hayo. Kichwani mwake alikuwa anaisikia sauti yake mwenyewe ikimpa kaka yake wajukuu. Aliikumbuka ile habari ya mkongojo. Alijiona amesimama pale na kadi mikononi, anajenga nyumba ndefu ya miaka mbele ya mtu aliyekuja kumwambia kwamba miaka imekwisha, na kila alivyozidi kusema vizuri ndivyo mlango wa kaka yake wa kusemea ulivyozidi kufungwa. Hakuna adui ambaye angeweza kumfanyia Rula vile. Ilihitaji ndugu, tena mwenye ulimi.

Kesho yake asubuhi alifunga mlango wa duka kwa ndani na kuifungua kompyuta ya kaka yake. Kadi zote mbili zilikuwa mezani. Aliishika ya kijani, akaisogeza mpaka mahali pake, na mkono ukagoma.

Alijaribu kujieleza. Madaktari ni watu, wanakosea. Kuna mtu alimjua aliyeambiwa hivyohivyo akapona. Lakini chini ya maneno hayo kulikuwa na jambo moja tu, na alilijua: akiifunga ya kijani kwa mkono wake, atakuwa ameweka sahihi. Atakuwa amesema, ndiyo kaka, jioni chache zinakutosha. Akairudisha ndani ya boksi. Akachukua nyekundu, akaifunga, akakaza skrubu zote mpaka mwisho, kwa hasira, kama mtu anayefunga mlango ili mgeni fulani asiingie. Akajisikia afadhali. Alijisikia hata shujaa, na hilo ndilo baya zaidi.

Mchana akaipeleka. Nyumba ya Rula ilikuwa ya ghorofa ya chini, sebule ndogo safi, ubao wa kuchorea umeegemezwa ukutani na meza ya kompyuta kwenye kona mbali na dirisha. Rula alikuwa amekaa kwenye kiti chake na mto mgongoni. Alivaa fulana ambayo Nati aliijua, ila mabega yaliyokuwa ndani yake hakuyajua. Jumamosi hakutazama. Sasa aliona.

Hawakusema mengi. Nati akachomeka nyaya, akawasha. Feni zikaanza kuzunguka. Ubavu wa kompyuta ile ulikuwa wa kioo, na Rula akainama kuchungulia ndani kama alivyofanya siku zote, jicho la mtu wa kukagua kazi. Hakuchukua muda.

"Hii siyo niliyokuagiza."

"Ndiyo uliyopaswa kuagiza," Nati akasema. Alikuwa ameandaa maneno. "Kesi nilishinda mimi."

"Ulishinda. Na anayeamua ni mnunuzi." Rula akakaa sawa. Akamtazama mdogo wake. "Shemeji yako amekuambia."

Nati akaitikia kwa kichwa.

"Nilikuja Jumamosi kukuambia," Rula akasema. "Nilikaa pale nikitafuta pa kuanzia. Nikasema ngoja amalize, kisha nimwambie. Halafu ukaanza. Mdogo wangu, ulisema vizuri. Hujawahi kuisemea nyekundu vile. Nilimwona binti yangu ameolewa. Niliwaona hao watoto na waya wao. Nikasema moyoni, nisimkatize, acha nisikie mpaka mwisho, kwa sababu yote hayo nilikuwa nayataka. Ulipomaliza sikuwa na nguvu ya kukuvunja."

"Ningejua, kaka, nisingefungua mdomo."

"Najua. Ndiyo maana nafurahi hukujua."

Nati akaficha uso kwa mikono. Jikoni bomba lilikuwa likimwaga maji, kisha likafungwa, na shemeji hakutoka.

"Hii ni kadi nzuri," Rula akasema, akagonga kioo kwa kidole. "Sijabadili mawazo hata kidogo, usije ukajisifu. Kila nilichokuwa nakwambia miaka yote ni kweli. Ila hii ni kadi ya mtu mwingine. Nifungie ile niliyokuagiza."

"Siwezi."

"Unaweza. Skrubu ni zilezile."

"Nikikufungia ile nitakuwa nimekubali!" Sauti ya Nati ilitoka kubwa kuliko alivyotaka. "Nitakuwa nimekubali, kaka. Unaniomba nikubali kwa mikono yangu."

Hapo Rula akakasirika. Alikuwa mtu wa kukasirika kwa kushusha sauti.

"Sijakuomba ukubali. Mimi mwenyewe kuna asubuhi sikubali. Nimekuomba ufunge kadi. Sikiliza. Humu ndani kila mtu anachagua kwa niaba yangu. Nile nini. Nilale saa ngapi. Wageni gani waingie na gani waambiwe nimelala. Ofisini wameshachagua nani atakaa kwenye meza yangu. Na wote wanafanya kwa kunipenda, siwezi hata kugomba. Hili moja nilichagua mimi. Nilikaa nikafikiri, nikasema, kwa huo muda nilionao nataka kuona mwanga. Ni kitu kidogo, cha kijinga, na ni changu. Halafu wewe, wewe mdogo wangu, uliyekuwa na kazi ya kukaza skrubu tu, ukaniibia."

Nati hakuwa amelifikiria jambo lile kwa jina la wizi. Alikuwa amejiona anampigania kaka yake, na kumbe alikuwa amejipanga mstarini nyuma ya wengine wote, pamoja na ugonjwa, kumnyang'anya.

"Nisamehe," akasema.

"Nenda kalete ile nyingine. Nitakungoja. Leo ni siku ambayo nina nguvu."

Akaenda dukani, akarudi na boksi chini ya kwapa. Akaizima kompyuta, akailaza sakafuni, akapiga magoti. Kazi ile aliweza kuifanya huku anaongea na wateja na kula, lakini siku hiyo aliifanya kama mwanafunzi wa siku ya kwanza. Skrubu ikamponyoka, ikabingirika. Rula akateremka kwenye kiti polepole mpaka sakafuni, akawasha taa ya simu na kummulikia.

"Pale. Nyuma ya mguu wa meza."

Kwa mila yao mnunuzi hakupaswa hata kukaribia. Hakuna aliyeikumbusha. Walikaa bega kwa bega, mmoja anamulika, mwingine anakaza, na ilipoingia mahali pake kile kibano kidogo cha kuishikilia kikalia tiki, Nati naye akalia, wazi wazi, bila kujificha, na bisibisi mkononi. Rula akaushika mkono wake mpaka ukatulia. Kisha akasema bado moja, ile ya chini, na Nati akaikaza ile ya chini.

Gemu aliyoitaka Rula ilikuwa ya upelelezi, ndani ya mji mkubwa usio na jina, mvua imetoka kukatika. Mchezaji alipewa mhalifu wa kumfukuza tangu dakika ya kwanza. Rula hakumfukuza. Alisimama katikati ya barabara, akatazama. Taa za maduka zilikuwa zimelala kwenye lami iliyolowa, nyekundu na bluu, na kila alipopiga hatua zilinyooka na kukatika. Akasogea kushoto, taa zikasogea. Akarudi kulia. Kwenye dirisha la ghorofa ya pili kulikuwa na mwanga uliotoka dimbwini, ukitikisika kidogo, kwa sababu maji yenyewe yalikuwa yakitikisika.

"Adui anakukimbia, kaka."

"Akimbie," Rula akasema. "Nimechora barabara maisha yangu yote. Barabara za karatasi hazilowi. Tazama pale kwenye ngazi. Umeona? Tazama walivyofanya."

Shemeji akatoka jikoni, akaegemea mlango akifuta mikono. Yeye hakuwahi kuzipenda gemu hata siku moja, lakini alitazama, akasema ni pazuri. Akaenda akakaa kwenye mkono wa kiti cha mumewe.

Walikaa hivyo mpaka jua lilipoanza kuteremka nje. Rula akauliza, bila kuondoa macho kwenye kioo, "Ile nyekundu umeipeleka wapi?"

"Iko kwenye mkoba wangu wa vifaa. Nitaifunga kwangu."

"Wewe? Kwako?" Rula akacheka mpaka ikabidi ashike ubavu. "Wewe uwe mwekundu?"

"Ina kumbukumbu kubwa," Nati akasema. "Itadumu." Akataka kuendelea, akashindwa.

"Vizuri," Rula akasema. Kicheko kilikuwa kimekwisha, lakini uso ulikuwa umetulia. "Gemu zitakazokuja, zicheze. Zote. Usiniwekee msiba wa kuacha kucheza, nitakasirika huko niliko."

Kisha mkono wake ukaanza kuchoka. Yule mtu wa kwenye kioo akawa anayumba barabarani kama mlevi. Rula akasukuma kipanya na kibodi upande wa mdogo wake.

"Shika wewe. Tembea, mimi niangalie."

Nati akashika. Maisha yake yote alicheza kwa kukimbia, milango anaivunja, mandhari hayajui. "Niende wapi?"

"Popote. Ila usikimbie."

Akatembea. Akapita duka la maua, akapita kibanda cha simu kilichojaa mwanga, akavuka daraja dogo, na Rula akawa anasema polepole, hapo, simama hapo, haya endelea. Kisha taa zote za mji ule zikachanganyika kuwa kitu kimoja, na Nati akaachia vidole.

"Mbona umesimama?"

"Sioni, kaka."

"Mimi naona," Rula akasema. "Nenda mbele kidogo. Pale kwenye kona, kata kulia."

Nati akakata kulia.